Dhahabu, pembe na pilipili manga: tunayoyakosea kuhusu biashara ya anasa ya kale

Msafara wa ngamia unakata jangwa na mizigo ya hariri, karne zinapita, kisha Mreno anatokea baharini na kuufungua ulimwengu. Ndivyo wengi wetu tulivyotoka na somo hili darasani. Mna ukweli kidogo ndani yake, ila umechanganyika na mambo ambayo hayana msingi, na baadhi yanatuhusu moja kwa moja sisi wa pwani hii. Nayachukua machache. Sitayapa uzito sawa, maana mengine hayastahili zaidi ya aya moja.

Dhana: Kulikuwa na barabara moja, "Njia ya Hariri", kutoka China hadi Ulaya

Hakuna mfanyabiashara wa enzi hizo aliyejiona yuko kwenye Njia ya Hariri. Jina hilo lilienezwa na mwanajiografia Mjerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka 1877. Kilichokuwapo ni njia nyingi zilizohama kila vita vilipozuka au kisima kilipokauka, na mzigo ulipita mikono mingi: huyu anautoa mji huu hadi ule, anamuuzia mwenzake, anarudi kwao. Hariri ilisafiri mbali kuliko watu walioibeba.

Tena shehena kubwa haikukanyaga mchanga kabisa. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, yaligunduliwa mabaki ya jahazi lililozama katika karne ya 9. Lilikuwa limebeba vyombo vya kauri vya China vipatavyo 60,000, vingi vikiwa mabakuli ya Changsha, na bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Jahazi lenyewe liliundwa kwa namna ya Waarabu, mbao zikishonwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya kwetu. Na kati ya mbao hizo zimo za mti wa Afrika, jamii moja na mbambakofi. Mali ya China, uundaji wa Kiarabu, mbao za Afrika, vyote chini ya maji ya Indonesia. Ngamia mmoja hubeba kilo 150 hadi 200. Piga hesabu mwenyewe wangehitajika wangapi kwa mabakuli yale, na mangapi yangefika mazima.

Dhana: Majahazi yalijaa anasa tupu

Anasa ilileta faida, lakini tumbo la chombo lilijazwa vitu vya kawaida: tende, nafaka, samaki wakavu, boriti. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 10 wanaeleza kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao kutoka nchi ya Zanj, jina walilolipa pwani hii ya Afrika Mashariki. Boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji ziliendelea kwenda Ghuba hadi karne ya 20, mpaka fedha za mafuta zilipoleta saruji na chuma. Vyumba vya nyumba za kizamani za Lamu na vya Ghuba ni vyembamba kwa sababu ileile: upana wake ulipimwa na urefu wa boriti.

Dhana: Mnunuzi mkuu alikuwa Ulaya

Roma ilinunua sana, hilo halina ubishi. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, alinung'unika kwamba India, China na Arabuni zinaifyonza dola ya Roma sarafu za sesterti milioni 100 kila mwaka. Kabla yake mwanajiografia Mgiriki Strabo alitaja meli 120 zilizokuwa zikiondoka kwa mwaka katika bandari moja tu ya Misri, Myos Hormos, kuelekea India. Huko Berenike, bandari nyingine ya Bahari ya Shamu, wachimbaji walikuta ndani ya hekalu mtungi wa Kihindi wenye zaidi ya kilo 7 za pilipili manga. Na Alaric, mfalme wa Wagothi, alipoizingira Roma mwaka 408, fidia aliyoidai ilikuwa na dhahabu, fedha, hariri, na ratili 3,000 za pilipili manga.

Lakini Roma ilipoanguka, bahari haikukaa tupu ikimsubiri Mzungu arudi na pesa. Chukua pembe za ndovu. Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyezisafiri bahari hizi mwanzoni mwa karne ya 10, anaeleza kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikaenda India na China. Kama si hivyo, anasema, pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu. China zilitumika kwenye viti vya kubebea wakubwa. India zikawa mipini ya majambia na vipande vya sataranji.

Hapo swali huwa halikosi: India si ina ndovu wake? Anao. Ila pembe ya ndovu wa Afrika ni kubwa zaidi, majike nao wanazo, na ni laini kwa mchongaji. Kisha kuna bangili. Katika sehemu kadhaa za India bibi harusi alivaa bangili za pembe, na desturi ilitaka ziharibiwe anapofiwa na mume au anapofariki yeye. Bidhaa ya namna hiyo hairithiwi, kila harusi inataka nyingine. Sioni sababu nzuri zaidi ya kueleza kwa nini njia ya kutoka bara la Afrika hadi Gujarat haikufa kwa karne nyingi, hata falme zilipokuja na kuondoka.

Pilipili manga nayo ilikuwa hivyohivyo. Marco Polo anadai kwamba kwa kila meli moja ya pilipili iliyokwenda Alexandria kwa ajili ya nchi za Wakristo, mia moja ziliingia bandari ya Zaiton, yaani Quanzhou ya China. Mzee yule alipenda kutia chumvi. Mpunguzie kadiri upendavyo, bado Ulaya inabaki mkiani mwa foleni.

Dhana: Miji ya pwani ilijengwa na wageni, wenyeji wakikaa kungoja meli

Hii ndiyo iliyotuumiza zaidi, na bado inatembea.

Kuna kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri, kinachoelezea soko la Rhapta katika pwani hii: pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa yalitoka, mikuki, mashoka na vyombo vya kioo viliingia. Hata ngano na divai zililetwa, anasema mwandishi, kwa ajili ya kujipendekeza kwa wenyeji zaidi ya kuuza. Mgeni anayeleta zawadi ili akubaliwe si bwana wa soko.

Huko Shanga, kisiwani Pate, mji ulifukuliwa hadi tabaka la chini kabisa, la karne ya 8. Zilikutwa nyumba za udongo na makuti, vyungu vya aina iliyotumiwa na jamii nyingine za Afrika Mashariki, na misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwenzake hadi ukafika wa mawe. Mji ulikua hapo hapo, taratibu. Haimaanishi kwamba wageni hawakuja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mabaki ya watu 80 wa miji ya pwani na mji mmoja wa bara, ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 damu ilichanganyika: upande wa kina mama zaidi Waafrika, upande wa kina baba wengi wakiwa na asili ya Uajemi. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, wanaojihesabu kuwa na asili ya Uajemi, yalikuwa na punje ya kweli, na waliomfuta Mwafrika kwenye historia ya miji hii walikosea vibaya.

Kilwa inaonyesha jinsi wenyeji walivyoushika mpini. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi na kushusha majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi huanza karibu Aprili na kuyarudisha. Nahodha wa Gujarat aliweza kufika Kilwa na kurejea bila kupoteza mwaka. Akitaka kushuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, upepo ulianza kumtupa mkono, na angeweza kukwama hadi msimu mwingine. Basi dhahabu ikapandishwa kutoka Sofala kwa vyombo vya huku huku, ikakusanywa Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru mali ikiingia na ikitoka. Masimulizi ya Kilwa yenyewe yanasema waliotangulia Sofala walikuwa watu wa Mogadishu, Kilwa ikawapokonya.

Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe. Mapungubwe, upande wa kusini wa mto Limpopo, watawala wa karne ya 13 walizikwa na dhahabu, akiwamo yule kifaru mdogo maarufu. Baadaye Great Zimbabwe ikachukua usukani, na huko imepatikana sarafu yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Ni sultani huyuhuyu aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane, na ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331.

Ibn Battuta aliusifu mji, lakini hakuficha kwamba sultani alikuwa akivamia watu wa bara na kugawana nyara. Watu pia walikuwa bidhaa katika bahari hii, na anayeisimulia Kilwa kwa dhahabu tu anaacha nusu ya hesabu.

Wala si kweli kwamba pwani ilinunua vitambaa tu bila kufuma. Mogadishu ilipeleka nguo zake hadi Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaona watu wa Sofala wakifumua nguo za buluu za Cambay, bandari ya Gujarat, ili nyuzi zake zifumwe upya pamoja na pamba yao nyeupe.

Dhana: Viungo vilitumika kuficha nyama iliyooza

Hapana. Viungo vilikuwa ghali kuliko nyama. Mwenye uwezo wa kununua kungumanga alikuwa na uwezo wa kuchinja leo na kula leo, na miji ya Ulaya ilikuwa na sheria za kuwaadhibu wauza nyama mbovu. Viungo vilikuwa dawa, fahari ya mezani na ladha.

Dhana: Waturuki walifunga njia mwaka 1453, ndipo Vasco da Gama akagundua njia ya India

Tazama ramani. Pilipili ya Ulaya ilipitia zaidi Alexandria na Beirut, na bandari hizo zilikuwa chini ya Mamluki, watawala wa Misri na Shamu, hadi Waturuki walipozitwaa mwaka 1516 na 1517. Kutekwa kwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 1453 hakukuzigusa. Wareno walichotaka ni kuwaruka watu wa kati, Venisi na Cairo, waliokula faida njiani.

Na hiyo "njia" aliikuta ina wenyewe. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, mfalme akampa rubani, na chini ya mwezi mmoja, tarehe 20 Mei, alikuwa Calicut, India. Watu wengi bado wanasema rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa Mwarabu wa ubaharia. Hakuna ushahidi wa maana. Taarifa za Wareno wenyewe zinamtaja mtu wa Gujarat. Huko Calicut mtu aliyemtuma ufukoni alikutana na Watunisi wawili waliojua lugha za Ulaya. Zawadi alizomwandalia mtawala zilikuwa kofia, mabeseni, sukari, mafuta na asali, na maofisa wa pale walicheka: mfanyabiashara maskini wa kutoka Makka alikuwa akileta zaidi.

Kurudi ndiko kulikomfundisha. Aliiacha pwani ya India Oktoba, wakati wa maleleji, kaskazi haijatulia. Safari iliyochukua wiki nne kwenda ilichukua karibu miezi mitatu kurudi, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na walionusurika hawakutosha kuendesha meli zote, ikabidi moja ichomwe moto karibu na Tanga ya leo. Nahodha yeyote wa Lamu angemwambia asubiri.

Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa, wakaichoma Mombasa, wakajenga ngome Sofala. Walidhani wameishika dhahabu. Wafanyabiashara Waislamu wakahamisha shughuli zao Angoche na mto Zambezi, na Sofala ikabaki na ngome na dhahabu haba. Hata pilipili iliwaponyoka: kufikia katikati ya karne ya 16 Bahari ya Shamu ilikuwa imerudi kupitisha shehena kubwa, nyingine ikitoka Aceh, kisiwani Sumatra, na Venisi ikaendelea kuuza.

Dhana: Karafuu ni ya Zanzibar tangu zama

Kwa karne nyingi karafuu zote za dunia zilitoka visiwa vichache vya Maluku, kama Ternate na Tidore, mashariki ya mbali ya Indonesia. Waholanzi walipovishika waling'oa mikarafuu katika visiwa vingi ili bei isishuke. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikisha kuiba miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Unguja iliipata mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akawashurutisha wenye mashamba kuipanda, kazi ikifanywa na watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye zao.

Katikati ya karne ya 20 mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, iliyozihitaji kwa ajili ya sigara zake za kreteki, zinazochanganywa na karafuu.