Mbwa Anakunywa Maji Kupita Kiasi? Usimwondolee Bakuli

Kiu hiyo huenda ni kisukari, nacho huanzia kwenye kongosho. Kongosho hufanya kazi gani?
Mbali na vimeng'enya vya kusaga chakula, hutoa homoni kupitia visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli vilivyomo ndani yake: insulini hushusha sukari ya damu, glukagoni huipandisha. Insulini ikikosekana, au mwili ukiikaidi, hicho ndicho kisukari. Mbwa huwa imemwishia. Paka, hasa mnene, mwili wake huikaidi.

Mbwa wangu anakunywa mno na kukojoa ndani. Nimwondolee maji usiku?
Hapana. Kama ni kisukari, hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Sukari ikizidi, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji. Ukiondoa bakuli mkojo hautakoma, ila yeye atakauka. Nasema tena: maji yabaki palepale, na asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na mkojo wake kwenye chupa safi.

Lakini anakula vizuri kuliko zamani!
Na mbavu zinahesabika. Chakula kinaingia, seli haziambulii kitu. Wengi huletwa kwetu kliniki siku mbwa amegonga kiti, macho meupe kwa mtoto wa jicho, au paka anakanyaga kwa visigino vya nyuma. "Tulidhani uzee." Bakuli lililojazwa mara tatu kwa siku nalo lilikuwa uzee?

Nisubiri nione kama atatulia?
Usisubiri. Akianza kutapika, kususa chakula na kulegea, huenda ketoni, asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, zimejaa damuni. Hiyo ni dharura ya saa ileile, si ya kesho. Na hata hapo, maji usimnyime.

Atapimwaje?
Damu na mkojo. Sukari ya paka hupanda kwa hofu tu, hivyo hupimwa pia fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikana na sukari, inayoonyesha hali ya wiki mbili tatu zilizopita.

Sindano za insulini ni za maisha?
Kwa mbwa, karibu kila mara, kwa kawaida kila saa 12. Baadhi ya paka wanaoanza mapema huachishwa. Angalia bomba la sindano: insulini ya uniti 40 kwa mililita haipimwi kwa bomba la uniti 100. Akisusa chakula, mpigie daktari kabla ya kudunga. Ukihisi dawa imemwagika, usirudie. Subiri zamu inayofuata. Akiyumba au kutetemeka baada ya sindano, huenda sukari imeshuka mno: mpake asali kwenye fizi na umkimbize kliniki.