Nilitaka aniambie nirudi ama nisirudi

Siku ya kwanza niliingia kwa kaunsela ilikuwa Nakuru, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo, na nilikuwa na swali moja tu, nirudi kwa bwana ama nisirudi. Nimelipa pesa yangu, nataka jibu. Yule mama akanyamaza mpaka nikasikia saa ya ukutani. Alafu akasema polepole, "Unaniuliza urudi ama usirudi, na naona tangu uingie umeshikilia hizo funguo." Nikaangalia mkono, kweli, funguo za ile nyumba ya Section 58, zimenichora alama kwa kiganja. Nililia hadi nikaona haya. Lakini hakuniambia nirudi wala nisirudi, nikapanda matatu ya Lanet nikinung'unika ati nimeliwa pesa.

Miaka ikapita nikaja kusomea hiyo kazi, saa hii niko Kisumu, na kila wiki naona mtu ananiangalia vile mimi nilimwangalia yule mama. Sishangai. Jina lenyewe linatudanganya, ushauri nasaha, sasa mtu akisikia nasaha anafikiria shangazi zake jikoni usiku wa kuamkia harusi, ama pasta, ama wazee wamekaa chini ya mti na kila mmoja ana la kukuambia. Hao wana kazi yao na siwadharau. Ile njia mimi nilisomea ilianza na mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Carl Rogers, kwenye miaka ya 1940, wakati mtaalamu ndo alikuwa anajua na wewe unakaa tu uambiwe shida yako ni nini. Rogers akasema hapana, mwenye kujua panapomuuma ni yule mwenye maumivu, na mtu akipata mahali salama pa kuongea ana uwezo wa kutafuta njia yake. Kwenye kitabu chake cha 1942 akaacha kumwita huyo mtu mgonjwa, akamwita mteja. (Najua, Kenya ukisikia mteja unafikiria simu imezimwa. Huyu mteja wetu anapatikana.)

Kwa hivyo kunyima ushauri si uvivu wala maringo. Kama yule mama angeniambia "rudi" na mambo yaharibike, ningemlaumu yeye, na yakienda vizuri bado ningemrudia kesho na swali lingine.

"Basi kazi yao ni kurudia maneno yako kama kasuku." Hii naipata sana, hata wanafunzi wenzangu walikuwa wanaigizana darasani, unasema umechoka, anakujibu "nasikia umechoka," tunacheka. Na ukweli wako makaunsela wanafanya hivyo na wanaboa. Rogers mwenyewe uzeeni alilalamika kuhusu hili jambo, akasema hakuwa anarudisha maneno ya mtu, alikuwa anahakikisha kama ameelewa. Mimi huona ni kama fundi wa nguo, anakuvalisha, anauliza hapa inabana? Unasema hapo ni sawa, inabana kwapa. Haoni aibu, anafumua anashona tena. Sasa mtu akiniambia amechoka naweza kumwambia, "umechoka, na ni kama hata kunielezea ni mzigo mwingine," na akisema la, si hivyo, nimekasirika, hapo tumesonga mbele zaidi ya kama ningepata sawa mara ya kwanza.

Mwaka wa 1957 Rogers aliandika masharti sita ya mtu kubadilika. Matatu ndo watu hukariri: kaunsela awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, aone mambo vile yanaonekana kutoka pale mteja amekaa. La sita husahaulika, kwamba mteja mwenyewe ahisi hata kidogo kuwa amekubaliwa na ameeleweka. Unaweza kuwa unamwelewa mtu hadi mifupa na yeye haoni, basi bado hujamsaidia.

Hapo kwa kumkubali mtu bila masharti ndo wengi huchanganyikiwa, wanadhani kaunsela anabariki kila kitu, umepiga mtoto, umekula pesa ya chama, yeye anatabasamu tu. Hapana. Kitendo anaweza kuona ni kibaya, lakini wewe hakutupi. Fikiria tulivyolelewa, ukileta namba moja wewe ni mtoto wa baba, ukianguka mtihani baba anauliza mama "huyu mtoto wako ana shida gani." Ukikua hivyo unajifunza kuficha kila kitu kitakachofanya usipendwe, unajificha hata wewe mwenyewe. Kile kiti kwa kaunsela kinafaa kiwe mahali pa kuleta vile umefichaficha.

Na ukweli wa kaunsela pia si kumwaga kila anachofikiri. Siku moja nilikuwa nacheka nikisimulia vile nguo zangu zilitupwa nje majirani wakiangalia, yule mama akasema, "wewe unacheka, na mimi hapa sicheki." Basi, hakuongeza. Hakuniambia mambo ya ndoa yake.

Alafu kuna hii ya urafiki. Mwezi wa pili nilikutana naye sokoni, akapita kama hanijui, nikakasirika wiki nzima. Kumbe huwa wanangoja wewe usalimie kwanza, juu pengine uko na wifi yako na atauliza huyo ni nani. Rafiki unambebea shida zake na yeye zako, huku dakika 50 ni zako peke yako, ndo maana pia unalipa. Kaunsela akianza kukutafuta usiku na maneno matamu, hama. Kenya kuna sheria ya mwaka wa 2014 ya washauri na wanasaikolojia, kwa hivyo kumuuliza mtu kama amesajiliwa si kumkosea adabu.

Siri inawekwa, ila ukiwa karibu kujidhuru ama kuna mtoto anaumizwa, atatafuta msaada, na anafaa akuambie hivyo siku ya kwanza.

Ati uhusiano peke yake unaponya kila kitu? Rogers alisema masharti yake yanatosha, na hapo mimi namwachia. Alijaribu kule Wisconsin na watu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, matokeo hayakuwa vile alitarajia. Mtu anayesikia sauti anahitaji daktari pia, na hakuna aibu.

Hizo funguo nilizibeba kila wiki. Siku niliingia bila nazo, yule mama aliangalia mkono wangu, akaketi vizuri, akangoja nianze mwenyewe.