Chakula cha Mwaridi na Wadudu Wanaokifuata

Masika yakikatika, watu wanaobisha hodi ofisini kwetu huja na shida inayofanana. Mtu anaingia na tawi la mwaridi ndani ya mfuko, ncha yake imejaa vidukari vya kijani, majani yananata kana kwamba yamepakwa asali, na swali lake ni moja: nipulize dawa gani? Mimi huanza kwa kuuliza mti ulilishwa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba wiki tatu au nne zilizopita kila shina lilimwagiwa ndoo nzima ya mbolea ya kuku, ikiwa bado mbichi, kwa sababu jirani alisema mbolea ya kuku ndiyo yenye nguvu. Jirani hakukosea. Nguvu hiyo ndiyo iliyoleta vidukari.

Samadi ya kuku ina nitrojeni takriban mara mbili ya ile ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo hutoka haraka. Mwaridi ukiipata kwa mkupuo hukimbilia kuchipua: machipukizi marefu, laini, yenye maji mengi na ngozi nyembamba. Kidukari hutoboa ngozi hiyo kwa mdomo wake mfano wa sindano na kufyonza utomvu. Hahitaji hata dume. Jike huzaa watoto hai bila kupandwa, na katika joto letu mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ubwiriunga, ule ugonjwa unaofanya majani yaonekane kama yamenyunyiziwa unga wa ngano, nao huyapenda majani hayohayo machanga. Ndiyo maana siwezi kufundisha mbolea leo na wadudu kesho. Kwa mwaridi, ni somo moja.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wenye bustani. Maelekezo mengi ya waridi yameandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako mti hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa. Mtunzaji wa kule huulisha sana unapoamka, kisha huacha. Kwetu, iwe Arusha, Limuru au Lushoto, mwaridi haulali. Ukikata ua leo, kwa kawaida tawi hilo huleta ua jingine baada ya wiki sita hadi nane, mwaka mzima. Mti usiolala huhitaji kula kidogo kidogo bila kukatizwa. Kuulisha mara moja kwa mwaka, hata kwa wingi, ni kuuvimbisha kisha kuuacha na njaa.

Shimo kwanza

Chagua mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi, hasa jua la asubuhi linalokausha umande mapema. Chimba shimo la upana wa sentimita 50 na kina kama hicho, ukiweka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kabla ya kuweka chochote, jaza shimo maji, yanywee, kisha jaza tena. Kama maji ya mara ya pili bado yametuama baada ya nusu siku, usipande hapo. Inua tuta au hamia mahali pengine, kwa sababu mizizi ya mwaridi huoza upesi ikikosa hewa, na hakuna samadi itakayoitibu.

Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyoiva, au mboji, urudishe shimoni, umwagilie, kisha uache wiki mbili au tatu utulie kabla ya kupanda. Miche mingi ya kununua imebebeshwa: waridi zuri limeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine mgumu. Tazama uvimbe wa kiungo hicho na uuache juu kidogo ya udongo. Chipukizi lolote linalotoka chini yake ling'oe kwa mkono tangu likiwa dogo, maana ni la shina mama, na litakula chakula chote bila kukupa ua ulilolinunua.

Aina ya udongo ndiyo inayoamua nyongeza. Mwaridi hustawi zaidi katika udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5. Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro una rutuba, lakini huishikilia fosforasi kwa nguvu hata mizizi isiipate kirahisi. Hapo unga wa mifupa iliyochomwa na kutwangwa, konzi mbili au tatu zilizochanganywa ndani ya shimo, una kazi ya kweli. Ufukie vizuri, mbwa wasije wakaufukua. Pwani na visiwani hali ni kinyume. Udongo uliotokana na matumbawe una chokaa nyingi, na unga wa mifupa hukaa humo bila kuyeyuka. Udongo huo huufungia mti hata madini ya chuma. Utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza majivu ya jikoni, na hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu majivu nayo hupunguza uchachu. Kwa udongo wa matumbawe tumia mboji kwa wingi, au panda kwenye chungu kikubwa au tuta lililoinuliwa. Majivu yaachieni wenye udongo mchachu wa milimani: konzi moja kwa shina, mara moja au mbili kwa mwaka, wala si siku moja na samadi, kwani yakikutana nayo hufukuza nitrojeni hewani kama amonia. Ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yako inayopotea.

Asiye na hakika na udongo wake aupime. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro na kituo cha Mlingano mkoani Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), wana maabara za udongo.

Samadi iliyoiva ni ipi?

Ni ile ambayo ukiitia mkono ndani haina joto, hainuki choo, imekuwa nyeusi na huwezi tena kutambua majani yaliyoliwa. Samadi ya ng'ombe na mbuzi huchukua miezi mitatu au zaidi kufikia hapo, ikiwa rundo lina unyevu na linageuzwa. Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu, na huwavutia mbawakawa wanaotaga humo. Funza wao weupe, wale wanaojikunja kama herufi C, baadaye hutafuna mizizi ya mwaridi gizani huku wewe ukishangaa kwa nini mti unanyauka na maji yapo.

Hata samadi iliyoiva inaweza kuwa na hatari isiyoonekana. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopulizwa malishoni hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika na kukaa ndani ya samadi kwa miezi mingi. Nyasi hazidhuriki, lakini mwaridi ni mmea wa majani mapana. Kama hujui ng'ombe walilishwa wapi, panda maharage machache kwenye kopo lenye udongo uliochanganywa na samadi hiyo, na mengine kwenye udongo mtupu. Subiri wiki tatu. Ya samadi yakitoka na majani yaliyojikunja kama kikombe huku mengine yamenyooka, samadi hiyo usiiingize bustanini. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mwenye bustani alifanye kabla ya kulipia mzigo mzima wa gari.

Kwa mti uliokwisha kushika, nusu ndoo ya samadi ya ng'ombe iliyoiva kila baada ya miezi miwili inatosha. Itandaze kuzunguka shina, shubiri moja mbali nalo, uichanganye kidogo na udongo wa juu na kumwagilia. Ya kuku, ikiwa imeiva, isizidi kopo la lita mbili. Wakati mzuri ni mara baada ya kupogoa au baada ya maua ya mkupuo mmoja kwisha.

Katikati ya miezi hiyo miwili mimi hupenda sana alizeti pori, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kandokando ya barabara na kwenye wigo kuanzia Kenya magharibi hadi nyanda zetu za juu. Majani yake yakikaushwa huwa na nitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na potasiamu ya asilimia 4 hivi, viwango ambavyo samadi nyingi za zizini hazifikii. Jaza nusu ndoo ya majani mabichi yaliyokatwakatwa, ongeza maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili, na baada ya wiki mbili chuja. Lita moja ya maji hayo ichanganywe na lita mbili za maji safi, imwagwe udongoni kila baada ya wiki mbili. Yananuka, ni kweli, hivyo ndoo ikae mbali na dirisha. Maganda ya ndizi ambayo watu huyafukia chini ya mwaridi yana potasiamu pia, lakini huitoa kadiri yanavyooza. Mahali pake ni kwenye rundo la mboji pamoja na mabaki mengine.

Matandazo ya nyasi kavu ya unene wa vidole vinne huhifadhi unyevu. Yasiguse shina, hasa kwenye maeneo yenye mchwa.

Wanaobaki baada ya hapo

Bustani iliyolishwa kwa kiasi bado itapata wadudu, ila wachache. Vidukari wachache wafute kwa vidole au uwarushie maji kwa nguvu asubuhi. Kabla ya kupuliza chochote, angalia kama kuna wale mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, au watoto wao wanaofanana na mamba wadogo. Hao hula vidukari, na ukiwaua umejifukuzia askari. Angalia pia sisimizi. Wao hula ule utamu unaonata na huwalinda vidukari dhidi ya maadui, kwa hiyo zungushia shina kitambaa kilichopakwa grisi wasipande.

Kiangazi adui hubadilika. Majani yakipauka na kuwa na vidoa vidogo kama yaliyochomwa kwa pini, geuza upande wa chini utafute utando mwembamba: huo ni utitiri mwekundu. Hupenda ukavu na vumbi, na mti wenye kiu ndio unaoathirika zaidi. Mimea iliyo kando ya barabara ya vumbi ndiyo huanza kushambuliwa. Mwagilia vizuri na uoshe upande wa chini wa majani asubuhi mara mbili au tatu kwa wiki. Dawa kali za wadudu mara nyingi huzidisha utitiri, maana huua wanaowala. Mashamba makubwa ya waridi ya Naivasha yamejifunza hilo, na mengi sasa huachia ndani ya mabanda utitiri wa aina nyingine unaowinda utitiri mwekundu.

Mwarobaini ndio dawa ninayoipendekeza mwanzo. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa, kisha pulizia jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani. Kesho yake utaona wadudu bado wapo na utadhani umepoteza muda. Mwarobaini huwazuia kula na kujivua ngozi, kwa hiyo matokeo huja taratibu. Rudia baada ya siku saba. Pareto, inayolimwa kwetu Iringa na kwa wenzetu Nakuru, huua papo hapo, lakini haichagui. Huua nyuki na marafiki wengine na ni sumu kwa samaki. Itumie jioni, kwenye tawi lililozidiwa tu, mbali na bwawa.

Maji ya tumbaku siyapendekezi kabisa, ingawa wazee wengi wameyatumia. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya anayepulizia, na viwango vingi vya kilimo hai huikataza. Kitu kutoka kwenye jani kinaweza kuwa sumu kama kilichotoka kiwandani.

Kwa ubwiriunga, maziwa yana msaada: sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, yapulizwe asubuhi yenye jua mara moja kwa wiki, dalili zikianza. Madoa meusi yenye kingo zilizochanika, yanayofuatiwa na majani kugeuka manjano na kupukutika, ni ugonjwa mwingine, na maziwa si tiba yake. Kuvu wake huhitaji jani libaki na maji kwa takriban saa saba ndipo aingie. Hivyo mwagilia udongo, wala si majani, tena asubuhi. Pogoa matawi ya katikati hewa ipite, na majani yaliyoanguka uyaokote na kuyachoma. Rundo la mboji la nyumbani mara nyingi halifikishi joto la kumuua kuvu huyo.

Na wale wanaochuma petali kwa maji ya waridi, chai au kupambia vyakula vya harusi, mti huo watenge tangu mwanzo. Maji ya samadi yasirushwe kwenye maua yake, na usipulizwe dawa yoyote ya dukani isiyosajiliwa kwa mazao ya kuliwa. Waridi la kununua kwenye kifungu cha maua ya mapambo nalo lisiingie kikombeni, kwa sababu lilikuzwa kwa ajili ya kutazamwa na hujui lilipulizwa nini.