Upigaji picha wa tafakuri ni nini?

Upigaji picha wa tafakuri ni zoezi la kupiga kile ambacho jicho limekiona kabla akili haijakipa jina wala thamani. Haudai Mlima Kilimanjaro wala machweo ya Lamu. Mada zake ni ndoo, ukuta, kamba ya nguo, kiti cha plastiki kilichopauka kwa jua. Wanaouzungumzia hupenda kutaja hekima, na wana haki, ila hekima hiyo haimo katika maneno mazuri yanayobandikwa juu ya picha. Imo katika kutenganisha vitu viwili ambavyo kutwa nzima tunavichanganya: kilichopo mbele ya macho, na maoni yetu juu yake.

Namna inayojulikana zaidi ya zoezi hili huitwa miksang, neno la Kitibeti lenye maana ya jicho jema. Chimbuko lake ni mafundisho ya sanaa ya Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibudha aliyekimbia Tibet mwaka 1959, akaishi Uingereza na baadaye Amerika Kaskazini hadi alipofariki mwaka 1987. Mpiga picha wa Kanada, Michael Wood, ndiye aliyeyageuza mafundisho hayo kuwa mazoezi ya kamera yenye utaratibu. Anayeyafanya si lazima awe Mbudha, na simu ya kawaida yatosha.

Utaratibu una hatua tatu: mmweko, upambanuzi na kisawe. Ukiziruka, unabaki na picha kama nyingine zote.

Mmweko ni ile nukta ambapo jicho linanaswa na kitu bila kutarajia. Hudumu kitambo kidogo mno, na huja kabla ya neno lolote. Ikiwa wazo la kwanza kichwani ni "hii itapendeza kwenye status", mmweko umeshapita na unachofuata sasa ni wazo. Mmweko haulazimishwi, lakini waweza kuutengenezea nafasi. Tembea kwa miguu dakika 20 hadi 30 katika njia unayoizoea, simu ikiwa mfukoni na kamera haijafunguliwa. Anayetembea huku ameinua kamera anawinda picha, na mwindaji huona tu anachokitafuta. Kwa anayeanza, wiki ya kwanza iwe ya rangi peke yake. Baadaye ageukie mwanga, kisha nyuso za vitu kama kutu, saruji na magome, na mwisho nafasi tupu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Upambanuzi ndio unaowashinda wengi. Hapa unasimama, hupigi bado, unajiuliza: nini hasa kimeninasa, na kinaishia wapi? Chukua dumu tupu la njano lililowekwa karibu na ukuta wa chokaa, saa kumi alasiri. Ukimuuliza aliyesimama hapo ameona nini, atasema dumu. Mara nyingi sivyo. Jua limepenya plastiki, na kivuli kilichoangukia ukutani hakikuwa cheusi, kina umanjano ndani yake. Kilichomnasa ni ule umanjano, pengine wa ukubwa wa kiganja. Kama ni hivyo, mpini wa dumu haumo katika picha, bomba halimo, geti halimo. Kama kilichomnasa ni mpini wenyewe na tundu lake, basi picha ni nyingine kabisa na kivuli ndicho kinachobaki nje.

Kosa la hatua hii ni hadithi. Jicho limeona bati lenye rangi ya chungwa iliyokolea, akili inadakia "maisha magumu". Papo hapo mpiga picha anarudi nyuma ili nyumba nzima ionekane, maana hadithi yake inahitaji nyumba. Ile rangi iliyomsimamisha inakuwa doa dogo kwenye kona. Picha nyingi za mitaa yetu zimeharibika kwa njia hii, na wenyeji tunazipiga sawa na watalii.

Hatua ya tatu ni kutengeneza kisawe, yaani picha inayolingana na kilichoonekana, pasipo nyongeza na pasipo upungufu. Jina hilo linatokana na Mmarekani Alfred Stieglitz, aliyeanza kupiga mawingu mwaka 1922 na baadaye akaziita picha zake visawe. Hapa ndipo simu inapoleta vurugu, kwa sababu imetengenezwa ipendeze, haikutengenezwa iseme kweli.

Kwanza lenzi. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28 kwa hesabu ya kamera kubwa, kwa hiyo huzoa vitu vingi kuliko vilivyokunasa. Dawa yake ni miguu: sogea mpaka visivyohusika vitoke kwenye fremu. Ukivuta kwa vidole hadi mara mbili kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvuta vitu karibu, unabaki na robo tu ya picha ya awali. Ukisogea karibu mno, nako simu hushindwa kulenga na picha hutoka na ukungu. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka ishike. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya vidole hutawanya mwanga na kufanya weusi uwe kijivu.

Pili mwangaza. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukuta wa chokaa ukijaa fremu, utatoka umefifia. Mlango mweusi utatoka umepauka. Gusa kioo pale penye kilichokunasa, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha panda au shuka kwa alama ya jua. Kwa ule umanjano ukutani, panda kidogo tu, maana ukizidisha rangi yote inaungua.

Tatu rangi. Chini ya turubai la buluu sokoni, nyanya hupata ubuluu ambao jicho huuona likitulia. Simu huuona kama kosa na kuusahihisha. Ikiwa simu ina hali ya kitaalamu, weka mizani ya weupe, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, kwenye jua la mchana, karibu kelvini 5,500, uiache hapo. Zima pia HDR, ile inayoangaza vivuli. Kivuli cheusi tii kilichokusimamisha kina haki ya kubaki cheusi.

Saa ya kutoka haina amri. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho kabla ya kutua, zenye mwanga wa dhahabu, huisha kwa dakika kama 24, na anayengoja mwanga wa dhahabu pekee atapiga kidogo sana. Saa sita mchana, ambayo wapiga picha wa harusi huikimbia, inafaa sana kwa zoezi hili: vivuli vifupi vyenye kingo kali chini ya mabaraza na vibanda.

Watu nao wanaweza kuingia, ila ombi la ruhusa huvunja mmweko, na kupiga bila ruhusa ni kumkosea mtu. Wanaoanza wabaki na vitu.

Maelezo ya picha yawe mafupi: mahali na saa. Kanga ina jina kwa sababu imechapwa na kupangwa ilibebe; picha ya tafakuri ikihitaji methali ili ieleweke, upambanuzi haukukamilika.

Picha ikionekana nyumbani kuwa inahitaji kukatwa zaidi ya ukingo mwembamba, usiikate. Rudi kesho saa ileile. Kwa siku moja jua halihami zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kivuli utakikuta karibu palepale, wingu likiridhia. Ukingoja mwezi, hasa karibu na Machi au Septemba, jua litakuwa limehama nyuzi zipatazo 12, na mwanga ule hautakuwa mahali pake.