"Kwao kuna mtu wa Mirembe?" Yanayosemwa kuhusu skizofrenia na damu ya ukoo

Kabla posa haijapokelewa, Dodoma huulizwa chini chini: kwao kuna aliyewahi kulazwa Mirembe? Hospitali hiyo ya afya ya akili ipo tangu 1927, na watu wameshaligeuza jina lake tusi. Swali lenyewe lina msingi, maana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, kweli hutembea kwenye koo. Yanayopotosha ni majibu.

"Mzazi akiugua, watoto nao wataugua."
Kati ya watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa, karibu 90 hawaupati. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni karibu nusu tu au chini ya hapo. Kuvunja uchumba kwa sababu ya shangazi wa mtu ni uonevu tu.

"Ipo jeni ya wazimu, pima DNA utaiona."
Utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Mojawapo ina jeni ya DRD2, inayotengeneza kipokezi cha dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe kwenye ubongo. Nyingine ina jeni ya GRIN2A, ya kipokezi cha glutameti, kemikali nyingine ya aina hiyo. Nyingi huongeza hatari kidogo sana. Daktari bado hutegemea mazungumzo na historia ya mgonjwa.

"Karogwa."
Apelekwe hospitali mapema. Akicheleweshwa, nafuu nayo huchelewa.

"Dawa zinamharibu, tazama anavyotetemeka."
Hapa ndipo vidonge huishia chooni. Haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, huvikalia vipokezi vya dopamini. Ikivikalia kupita kiasi, shingo hukakamaa, mate hutoka, miguu haitulii. Dawa hiyo huvunjwa kwenye ini, na kimeng'enya kimoja (protini ya kuvunjavunja kemikali) kinachohusika ni CYP2D6. Waafrika wengi, Watanzania wakiwemo, wana aina yake ya *17 inayofanya kazi polepole. Ndiyo maana dozi inayomtosha mmoja inaweza kumzidi nduguye. Mrudisheni kliniki: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezewa benzeksoli, dawa ya kutuliza madhara hayo. Msimwachishe wenyewe.

Dawa mbili zikishindwa, ipo klozapini, ambayo hudai kupima damu mara kwa mara kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi. Lakini Waafrika wengi wamezaliwa na aina ya jeni ya Duffy inayofanya chembe hizo ziwe chache bila ugonjwa wowote. Ndiyo hiyo hiyo inayowakinga na vivaksi, aina mojawapo ya malaria. Kabla mgonjwa hajaachishwa klozapini, ulizeni kiwango cha chembe zake nyeupe kilikuwa ngapi siku aliyoianza.