Ndoo Kichwani Haitoshi, Mama

Wiki hii tena. Mama wa miaka 63, mwenye sukari, anainuka kitini kwa kujirusha mara tatu, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa meza yangu. Namwambia aanze mazoezi ya nguvu. "Dokta mwanangu, mimi nabeba ndoo kila siku, zoezi gani tena? Vyuma waachie mabaunsa."

Kwanza, mimi si dokta, ni mtu wa fiziotherapia. Faida nitazipitia mbio: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kwenye damu hata insulini ikisuasua, mfupa unaobebeshwa uzito hukaza, presha nayo hushuka kidogo.

Kinachonichosha ni hiyo ndoo. Ya lita 20 ilikuwa kilo 20 mwaka jana, na leo ni zile zile. Mwili ulishaizoea zamani. Jasho tu halikuzi msuli. Msuli unataka kudaiwa kazi zaidi ya uliyoizoea. Halafu nikamuuliza, nani anakutwika?

"Mjukuu."

Basi kazi ya mapaja anaifanya mjukuu! Bibi anatembea na mzigo shingoni, kigoda kinamshinda.

Nikampa dozi: dumu la lita 5, ulitie lita 2 za maji, ulikumbatie kifuani, ukae na kusimama mara nane, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Zile mara mbili za mwisho za kila seti lazima uso ukunjamane. Zikiwa rahisi, ongeza nusu lita. Na umri usinitajie: mwaka 1990, huko Boston, wazee wa miaka 90 hivi walinyanyua vyuma kwa wiki 8, nguvu za mapaja zikapanda kwa wastani wa asilimia 174.

Ila kuhusu goti nimepunguza mdomo. Zamani niliahidi kwamba uzito mkubwa utaondoa maumivu. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Marekani, watu 377 wenye magoti yaliyosagika: baada ya miezi 18, walionyanyua vizito hawakupata nafuu ya maumivu kuwashinda walionyanyua vyepesi, wala wale waliohudhuria mafunzo ya afya tu. Iliniuma. Siku hizi naahidi kuinuka kitini, maumivu siyaahidi.

Mama alisikiliza yote, akauliza moja: dumu lililokuwa la mafuta ya kula litafaa?

Litafaa, mama. Lioshe kwanza, lisikuteleze.