Stoo ya Kukodi Haipimwi kwa Idadi ya Vyumba vya Nyumba Yako

"Nahama nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiyo nipe stoo kubwa kabisa." Nimeyasikia tena maneno haya wiki hii, na kila nikiyasikia najua mteja anakaribia kulipia hewa mwezi baada ya mwezi.

Sehemu kubwa ya nyumba ni nafasi tupu: ya kupita, ya kufungulia kabati, ya kuvuta kiti. Hiyo haihamishwi. Kinachokuja stoo ni vitu, na vitu hupangwa kwenda juu. Chukua maboksi 20, kila moja sentimita 45 kila upande. Ukiyatandaza sakafuni yanakula takriban mita za mraba 4. Yapange matano matano, yanaenea ndani ya mita 1 ya mraba na kimo hakizidi mita 2.25. Maboksi ni yale yale! Sofa nayo, yenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90 na kimo cha 85, ukiisimamisha wima haitumii hata nusu ya sakafu iliyokuwa ikitumia sebuleni.

Ndiyo maana nasisitiza mita za ujazo. Stoo ya mita 1.5 kwa 3 yenye dari ya mita 2.4 ina mita za ujazo 10.8. Fungua vitanda na meza, shika tepu, pima kila kitu kikubwa urefu, upana na kimo, zidisha, jumlisha, kisha ongeza robo kwa ajili ya njia na mianya. Tafadhali, usikadirie kwa macho.

Wengine huangukia upande wa pili: "Ndogo tu, tutasukumia." Vitaingia, ndiyo. Lakini siku unapotaka boksi la nyuma, utatoa kila kitu nje. Kama utaingia mara kwa mara, acha njia ya sentimita 60 katikati.

Kwamba stoo zenye sakafu sawa zinabeba mizigo sawa, si kweli. Dari hutofautiana, milango pia. Pima mlango kabla hujalipa.

Na friji hailazwi ili kuokoa nafasi. Mafuta ya kompresa huweza kuhamia kwenye mabomba. Isimame wima, mlango ukiwa wazi kidogo isiote ukungu, na uwazi huo uuhesabu pia.